Kamera Yenye Kioo na Kamera Isiyo na Kioo

Katika harusi za kwetu Tanga iko dakika moja ambayo mpiga picha wa upande wa wanawake huiogopa kuliko nyingine zote, nayo ni ile ambapo walii na mashahidi husimama mlangoni mwa chumba alimokaa bibi harusi, wakamwomba idhini ya kuozwa, na chumba kizima, kilichokuwa kikirindima kwa vigelegele, kikanyamaa kimya ili sauti yake ndogo ipate kusikika. Mwaka jana, katika nyumba moja ya Ngamiani, nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya mkeka na Canon EOS 1100D, kamera niliyojifunzia kazi, iliyotoka mwaka 2011 kwa ajili ya wanaoanza na wenye mfuko mwembamba. Na mkabala nami alikaa binti wa dada yangu na Canon EOS R50, ya mwaka 2023, ya kampuni ile ile na kwa watu wa daraja lile lile. Mwali aliinamisha uso, ushungi ukamteleza kidogo, midomo ikacheza, nasi sote wawili tukabonyeza. Yangu iligonga, kwa mlio mkavu kama wa kijiti kilichovunjwa, na bibi mmoja mzee akageuka akanitazama kwa muda. Yake haikutoa hata mnong'ono.

Jioni, tulipokuwa tukila biriani, binti aliniuliza kwa adabu yake ya siku zote, "Mama mdogo, kwani humo ndani mna nini kinachogonga?" Swali lake nalijibu hapa kwa urefu kuliko nilivyolijibu pale kwenye sinia, maana wengi wanaouza na kununua kamera siku hizi hubishania bei na hesabu ya megapikseli pasipo kukijua kiungo hicho kimoja ambacho ndicho asili ya tofauti nyingi zilizo baina ya kamera hizi mbili.

Kinachogonga ni kioo. Nyuma ya lenzi ya 1100D kimewekwa kioo kilichoinama kwa pembe ya nyuzi 45, ambacho huipokea nuru iliyoingia na kuirusha juu, nayo ikadakwa na vioo vingine vilivyopangwa ndani ya ile nundu ya kamera, ikageuzwa ikawa sawa, kisha ikamfikia mpiga picha jichoni. Kwa hiyo anachokiona katika kitundu cha kuchungulia ni nuru yenyewe iliyotoka usoni mwa mtu aliye mbele yake, haikupita katika ala yoyote ya umeme. Walakini maadamu kioo kimesimama njiani, kihisi cha nuru kilicho nyuma yake, ambacho ndicho kilichochukua mahali pa filamu, hakipati kitu. Na kidole kinapobonyeza, kioo hakina budi kuruka juu na kupisha, pazia la shata likafunguka na kufungika, kisha kioo kikarejea chini, na hayo yote kwa kitambo kidogo sana hata jicho halitambui ila giza lililopita upesi. Hila hii ni kongwe. Kine Exakta ya Ujerumani ilikuwa nayo mwaka 1936 kwa filamu ya milimita 35, ila kioo chake kikisharuka kilibaki huko huko juu mpaka mwenyewe aivute filamu kwa ajili ya picha nyingine. Na mwaka 1954 Wajapani wa Asahi walitoa Asahiflex IIb, ambayo kioo chake kilirejea chenyewe papo hapo. Tangu hapo kioo kirukacho kikawa ndicho fahari ya kamera za mafundi kwa zaidi ya miaka 50, na kilipokuja kihisi mahali pa filamu, kioo hakikuguswa.

R50 imekiondoa. Nuru ikipita lenzi hukifikia kihisi moja kwa moja, wakati wote kamera inapokuwa imewashwa, na kihisi huisoma na kuipeleka taswira kwenye skrini ya nyuma, au kwenye skrini nyingine ndogo mno, yenye nukta milioni 2.36, iliyofichwa ndani ya kitundu cha kuchungulia. Kwa kuwa hapana tena chumba cha kioo kuruka ndani yake, lenzi imeweza kusogea: katika mfumo wa lenzi wa EF, unaotumiwa na 1100D na ulioanza mwaka 1987, masafa baina ya shingo ya lenzi na kihisi ni milimita 44, ilhali katika mfumo wa RF wa R50, wa mwaka 2018, ni milimita 20 tu. Kamera imekuwa nyembamba, na uzito umepungua, kutoka gramu 495 za 1100D hadi gramu 375 za R50, zote zikiwa na betri na kadi. Wauzaji huusifu sana wepesi huo. Mimi naona ni faida ndogo, maana mkono uliozoea hauhisi gramu 120. Faida iliyo kubwa ni kwamba mpiga picha huiona picha kabla hajaipiga.

Nieleze jambo hili kwa mfano wa adhuhuri ya siku ile ile. Wanaume walikuwa wamejipanga barazani kwa kanzu nyeupe, nyuma yao ukuta wa chokaa, na jua limesimama utosini. Kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera, kikiachwa chenyewe, hukisia kwamba kila kitu kilicho mbele yake kina weupe wa kadiri, wala hakijui kwamba kanzu ni nyeupe kwa kufuliwa na kupigwa pasi. Basi hulifanya kundi zima lenye weupe kuwa la kijivu, na nyuso za watu, ambazo ndizo muradi, zikazama gizani. Mpiga picha anayejua huongeza nuru kwa makusudi. Lakini kwa 1100D huongeza kwa kukisia, kwa sababu kitundu chake kitamwonyesha baraza ile ile vyovyote atakavyogeuza. Hana budi apige, kisha aitazame skrini ya nyuma yenye nukta 230,000 tu, tena chini ya jua kali linalomfanya asione ndani ya skrini ila uso wake mwenyewe, kisha ageuze, kisha apige tena, na watu wamekwisha kuchoka kusimama. Binti alikuwa na jicho kitunduni, akageuza gurudumu kwa kidole gumba, naye akaona nyuso zikiibuka gizani moja moja, na darizi za shingo za kanzu zikianza kupotea katika weupe, akarudisha nyuma kidogo, akapiga mara moja. Tajiriba yangu ya miaka kumi na kadhaa ilinifikisha nilipofika baada ya picha nne.

Na pana jingine katika kitundu kile, ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Kitundu cha 1100D huonyesha asilimia 95 tu ya upana na ya urefu wa picha, kwa hiyo kila picha hutoka na ukingo ambao mpigaji hakuuona. Ninayo picha nzuri ya bibi harusi akiwa ameegemea mlango wa nakshi, na pembeni mwake, mahali nilipoapa kwamba hapakuwa na kitu, pamesimama nusu ya ndoo ya plastiki ya buluu. Kitundu cha R50 huonyesha picha nzima.

Katika kulenga tofauti ni kubwa zaidi, nami natoa ushahidi huu bila kusita. Chombo cha kulengea cha 1100D hakimo katika kihisi. Kimo chini ya kamera, kikilishwa nuru na kioo kidogo kilichojificha nyuma ya kile kikubwa, nacho kina vituo 9 tu, vilivyosongamana katikati. Ukitaka kulenga jicho la mtu aliye pembeni, hulenga kwanza kwa kituo cha kati, ukakizuia kitufe nusu, kisha ukaisogeza kamera, na katika kusogeza huko, ikiwa tundu la lenzi liko wazi sana, nyusi zitakuwa kali na jicho litakuwa limelegea. Fauka ya hayo, kwa kuwa chombo kinachopima ni kingine na kihisi kinachopokea picha ni kingine, viwili hivyo vikipishana kwa unywele tu, kila picha italengwa mbele au nyuma ya mahali palipokusudiwa, na 1100D haina njia ambayo mwenyewe ataweza kuirekebisha. Katika R50 kinachopima ni kihisi chenyewe, ambacho kila nukta yake imegawanywa sehemu mbili ili zilinganishe nuru ya kushoto na ya kulia ya lenzi. Nayo kamera hulitafuta jicho la mtu karibu popote lilipo katika picha, ikalizingira kwa kisanduku, na mtoto akikimbia kisanduku kinakimbia naye. Aidha, hupiga picha 12 kwa sekunde, ambapo yangu hupiga 3.

Usiku nao una hoja zake. 1100D hufika ISO 6400, yaani kipimo cha wepesi wa kihisi kwa nuru, na picha zake za kiwango hicho huwa na chembe nyingi, kama kitambaa kilichomwagiwa mchanga. R50 hufika 32000, na ile 6400 yake ni ya kutumika bila haya. Lakini ule ukimya nilioutamani mlangoni pa mwali una gharama yake, nayo niliiona usiku ule ule. Kamera isiyo na mlio haitumii pazia la shata, bali kihisi husomwa mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, na usomaji huo huchukua muda. Na balbu nyingi za LED zilizo rahisi, kwa umeme wetu wa hezi 50, hupwa na kujaa mara 100 kwa sekunde, macho yasione. Picha za binti za ukumbini zilitoka na mistari mipana ya giza na mwanga iliyokata nyuso na mapambo, naye akalazimika kuurudisha mlio. Kwa hivyo mwenye kununua R50 ajue kwamba ukimya ni wa mchana na wa taa njema.

Ningekuwa sina insafu lau ningenyamazia yale ambayo kamera ya zamani ingali inayaweza. Katika nuru ya mchana, kwa watu waliosimama, picha ya megapikseli 12.2 ina nukta 4272 kwa 2848, ambazo zatosha kuchapwa kwa ukubwa wa sentimita 36 kwa 24 pasipo kupungukiwa na chochote, yaani zaidi ya ukurasa mzima wa albamu. Na nilipoziweka picha zetu mbili za bustanini mbele ya mama wa bwana harusi, alichagua kwa tabasamu la mwanawe, wala hakuuliza ya kamera gani. Kitundu chenye kioo hakili umeme, ndiyo maana betri ya 1100D huchukua takriban picha 700, ilhali kwa R50 anayechungulia kitunduni hapati hata nusu ya hizo. Binti alikuja na betri tatu, na ya tatu ilikuwa inakaribia kukata wakati bibi harusi anaagwa. Tena flashi za Canon za zamani hazifanyi kazi juu ya R50 bila adapta maalumu, gharama ambayo mnunuzi huigundua akiwa ameshafika nyumbani.

Basi mwanafunzi mwenye fedha chache anunue nini? Mimi humwambia anunue 1100D iliyotumika, au mwenziwe wa daraja hilo, na fedha inayobaki aitie katika lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, kwa sababu lenzi hiyo, ikilinganishwa na lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ambayo ikivutwa hadi mwisho hubaki na f/5.6, huingiza nuru mara tisa na ziada. Na huku pwani asinunue lenzi yoyote kabla hajaielekeza kwenye tochi na kuchungulia ndani, kwa kuwa unyevu wetu huotesha kuvu katikati ya vioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ambazo haziondoki kwa kufuta. Anayeishi kwa kazi ya harusi, na hasa atakayetakiwa video, asijichoshe: 1100D hurekodi kwa mistari 720, na R50 kwa 4K, na wateja wameshaijua tofauti hiyo.

Wala kununua lenzi za zamani leo si kupoteza. Zile milimita 24 zilizopunguzwa katika mfumo mpya ndizo zilizoacha nafasi ya adapta kukaa baina ya kamera na lenzi, hata lenzi ya EF ya mwaka 1987 ikafungwa juu ya R50 na kulenga yenyewe. Kinyume chake ni muhali, lenzi ya RF haiwezi kukaa juu ya 1100D asilani. Wiki mbili baada ya harusi binti alikuja kuniazima ile milimita 50 yangu, ambayo rangi ya pete yake imekwisha kuchubuka kwa vidole, akaifunga kwa adapta, akachuchumaa ukumbini kwetu. Mama yangu, yaani bibi yake, alikuwa kizingitini na ungo magotini anachambua mchele, magharibi inaingia, hapana taa iliyowashwa. Niliinama nyuma ya bega la binti nikachungulia: kisanduku kilikwisha kulikamata jicho la mama, na kila alipopeta, chuya zikiruka, kilibaki pale pale. Akapiga bila mlio. Tuliikuza picha kwenye skrini mpaka tukaziona kope zake, moja moja, na punje ya mchele iliyokuwa bado hewani.