Viatu vya Kazini: Nani Alipe?

Asubuhi karibu na uwanja wa Nakivubo, mjini Kampala, utawaona akina mama wakishuka teksi wamevaa kandambili, na viatu vya ofisini wamevitia mfukoni. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nakivubo hufurika, na mwenye jozi moja tu ya heshima hawezi kuikanyagia tope. Hapo jirani ni soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Humo ndimo wengi hununua viatu hivyo, mitumba, kwa fedha zao wenyewe.

Tunataka kuzungumzia hizo fedha. Mwajiri husema karani wa mapokezi avae kiatu chenye kisigino, nywele zisukwe vizuri, kucha zitunzwe. Mwenzake wa kiume hunyoa, akapiga viatu kiwi, basi. Nywele za mama husukwa upya kila baada ya wiki chache, na msusi hakopeshi.

Amri za mavazi si ngeni Uganda. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi. Julai 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka: sketi isipande juu ya goti, nywele zisiwe za rangi kali, kucha zisizidi sentimita 3. Wanaume nao waliamriwa kufunga tai, tuseme kweli. Unadhifu hatuupingi, nani anataka kukaa meza moja na mtu mchafu?

Kwa wenzetu wa viwandani na mashambani jambo liko wazi zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga, viatu vikiwamo, kwa wanaofanya kazi penye maji au vitu vya kudhuru. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Basi anayekatwa mshahara kwa ajili ya buti amwone katibu wa tawi lake.

Kisigino kirefu hakikingi kitu. Huumiza mguu na mgongo. Desemba 2015, mjini London, mpokea wageni Nicola Thorp alirudishwa nyumbani bila malipo kwa kukataa kisigino cha inchi 2 hadi 4. Zaidi ya watu 150,000 walitia saini ombi lake. Mwaka 2017 serikali ya Uingereza ilikataa kubadili sheria, lakini kampuni iliyomwajiri ilikuwa imekwisha kubadili kanuni yake.

Kwa hiyo wajumbe wanaokwenda kujadili mkataba wa pamoja walitie jambo hili mezani. Kiatu kikilazimishwa, mwajiri akinunue au atoe posho, na kiatu bapa kilicho safi kikubaliwe. Na kwa wanaopita njia ya Nakivubo wakati wa mvua, waombe bomba la kunawia miguu na kabati la kufungia viatu.