Amerudi kwake tena: kazi ya rafiki inaanzia hapo

Ijumaa usiku alifika kwako na begi la nguo, mtoto mgongoni, mdomo umevimba. Ukampisha kitandani, wewe ukalala chini. Jumamosi mkapanga kila kitu: atakaa kwako mwezi mmoja, atatafuta chumba, kaka yake atakwenda kuchukua vyombo. Jumatatu unarudi kutoka kazini unakuta ameshafunga begi. "Ameniomba msamaha, shoga. Amelia mbele ya mama yake." Kwenye kundi la WhatsApp hukumu inatoka kabla ya chakula cha usiku: karogwa huyu, hajipendi, anapenda hela, akipigwa tena asitusumbue.

Hukumu hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote. Mtu anayemnyanyasa mwenza wake hupata nguvu pale mwenza huyo anapobaki bila watu. Rafiki anayesusa anamfanyia kazi hiyo bure.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba, kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza, zaidi ya mmoja kati ya wanne amewahi kupigwa au kulazimishwa ngono na mwenza huyo. Tafiti za kitaifa za 2022 zilionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa umri huo Tanzania, na asilimia 34 Kenya, wamewahi kupigwa na mtu fulani tangu walipotimiza miaka 15. Madhara hayaishii kwenye michubuko. Wanawake wanaotendewa ukatili na wenza wao hupatwa na sonona karibu mara mbili ya wengine, na katika baadhi ya maeneo ya dunia uwezekano wao wa kuambukizwa VVU ni mara moja na nusu. Wanaume wanaoteswa nao wapo. Wao huambiwa wamelishwa limbwata, wakachekwa kijiweni, na kwa sababu hiyo hunyamaza zaidi. Mengi yatakayosemwa hapa yanamhusu pia rafiki yako wa kiume.

Sasa, kwa nini amerudi? Mwaka 1957 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Charles Ferster na B. F. Skinner, walichapisha matokeo ya majaribio marefu ya wanyama, wengi wao njiwa waliofundishwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyezoea kupata chakula kila anapodonoa aliacha upesi kilipokatwa. Aliyekipata kwa kubahatisha, leo mara tatu kesho hata mara moja, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu sana hata baada ya chakula kukoma kabisa. Zawadi isiyotabirika hushika kuliko zawadi ya uhakika. Ndiyo kanuni inayowaweka watu mbele ya mashine za kamari za mitaani, zile za dubwi, mpaka nauli inaisha.

Donald Dutton na Susan Painter, watafiti wa Canada, waliipeleka hoja hiyo kwenye mapenzi mwaka 1981. Walisema vitu viwili vikikutana, mapenzi hugeuka kamba: pengo kubwa la nguvu kati ya wenza, na ukatili unaopishana na wema. Mwaka 1993 walichapisha matokeo ya mahojiano na wanawake 75 waliokuwa wametoka karibuni kwa wanaume waliowatesa. Kadiri pengo la nguvu lilivyokuwa kubwa na wema ulivyopishana vikali na mateso, ndivyo kifungo kilivyobaki kigumu. Kwa hiyo yale machozi mbele ya mama mkwe, zile zawadi na wiki mbili za utulivu, ni sehemu ya mtego uleule. Na mwenye kulia huenda analia kwelikweli, jambo linalomchanganya zaidi anayeliliwa.

Hata hivyo, sisi waandishi wa afya tunapenda mno maelezo ya kisaikolojia, kwa sababu yanasomeka vizuri. Mara nyingi sababu ya kurudi ni kodi ya nyumba. Au ada ya shule. Au mahari ambayo baba yake hana uwezo wa kuirudisha, na shangazi anayesisitiza kwamba ndoa ni kuvumilia. Au woga, na woga huo una hesabu sahihi.

Mwaka 2003 Jacquelyn Campbell na wenzake walilinganisha, katika miji 11 ya Marekani, wanawake waliouawa na wenza wao na wale walioteswa lakini wakabaki hai. Kutengana na mwanaume mwenye kudhibiti sana, baada ya kuishi naye, kuliongeza hatari ya kuuawa takriban mara tisa. Uchunguzi mwingine wa 2008 uligundua kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenza wake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye. Rafiki yako akikwambia, hata kwa mzaha, "juzi alinikaba kidogo," usikubali hilo neno "kidogo". Kukabwa koo kunaweza kudhuru ubongo na mishipa ya damu bila kuacha alama shingoni. Aonwe na daktari hata kama anajisikia mzima.

Huku kwetu mifano haihitaji kutafutwa mbali. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba aliyekuwa mwenza wake alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake Endebess, Kenya. Alifariki siku nne baadaye hospitalini Eldoret. Walikuwa wameshatengana. Miaka mitatu kabla, Agnes Tirop wa Kenya aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa na akakana. Wakimbiaji wenzake Tirop, watu waliofanya naye mazoezi kila alfajiri, walianzisha taasisi ya Tirop's Angels kuwasaidia wanamichezo walio katika hali kama ile.

Ndiyo maana "achana naye leo hii!" ni ushauri wa kuogopwa. Nia yake ni njema, lakini unamsukuma mtu kwenye saa ya hatari kuliko zote bila mpango, na akishindwa kuutii anaona aibu kukupigia tena.

Msomi wa Marekani Evan Stark, katika kitabu chake cha 2007, alionyesha kwamba kipigo mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Kubwa ni udhibiti: simu kupekuliwa kila jioni, hela ya matumizi kutolewa kwa kuhesabiwa, nauli kunyimwa, kuulizwa kwa nini daladala imechelewa dakika kumi. Uingereza iliufanya udhibiti wa namna hiyo kuwa kosa la jinai mwaka 2015. Rafiki makini huanza kuuona kabla ya jicho kuvimba. Shoga aliyekuwa hakosi kikoba anaanza kutuma pesa kwa mtu. Anaacha kwaya. Anapokea simu akiwa ameweka spika, na anaongea kama mtu anayesikilizwa. Kila mtu aliyekuwa wake anapewa dosari: dada yake mchonganishi, wewe mhuni, mama yake mwingilizi. Wengi huita wivu huo dalili ya mapenzi. Mimi siiti hivyo.

Je, mtu wa kawaida, asiye mwanasheria wala mwanasaikolojia, anaweza kubadili chochote? Jibu bora ninalolifahamu linatoka Michigan. Cris Sullivan na Deborah Bybee walifuatilia wanawake 278 waliokuwa wakitoka kwenye nyumba ya hifadhi. Baadhi yao walipangiwa kila mmoja mwanafunzi wa kike wa chuo aliyepewa mafunzo, akawa naye kwa wiki 10 tu. Kazi yake ilikuwa kusindikiza: kutafuta chumba, kwenda ofisini, kufuatilia kazi, shule ya mtoto, mahakama. Aliyeamua waanze na lipi alikuwa mwanamke mwenyewe. Matokeo yalichapishwa 1999. Katika kipindi cha miaka miwili, karibu mmoja kati ya wanne wa kundi hilo hakupigwa tena hata mara moja. Kwa wale wasiopangiwa mtu, ni mmoja kati ya kumi. Wiki kumi za kusindikizwa zilionekana bado miaka miwili baadaye.

Kampala nako shirika la Raising Voices lilibuni mpango wa SASA!, ambamo majirani wa kawaida walifundishwa kuzungumza na majirani zao kuhusu nguvu na matumizi yake, na namna ya kumpokea mwanamke anayeteswa. Tathmini iliyochapishwa 2014 ilikuta ukatili wa kipigo wa mwaka uliopita ukiwa chini kwa takriban nusu katika mitaa ya mpango huo kuliko mitaa iliyolinganishwa nayo. Maeneo yalikuwa manane tu, kwa hiyo namba hiyo isibebwe kama kipimo cha mwisho. Lakini mitaa hiyo pia ilionekana kuwajali zaidi wanawake wanaoomba msaada, na hapo ndipo rafiki anapoingia.

Basi amekupigia. Utasema nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 kwa wahudumu wa afya unaanza na kusikiliza, na unakataza kumshinikiza mtu. Msikilize mpaka amalize. Mwambie unamwamini, na kwamba hakuna kosa la ugali kuungua linalostahili kofi. Muulize: "Sasa hivi unahitaji nini zaidi?" Usishangae jibu likiwa dogo, labda elfu tano ya bando au mtu wa kumshikia mtoto kesho saa nne. Mpe hicho. Usimtukane yule mwanaume, hata kama matusi yamekujaa mdomoni, kwani atajikuta anamtetea, na mazungumzo yatahama kutoka kwenye usalama wake yawe kesi ya mtu asiyekuwepo. Sema kuhusu tendo: "Kukufungia ndani si haki. Mimi naogopa kwa ajili yako."

Akirudi kwake, mwambie mlango wako haujafungwa. Lakini usiahidi usichoweza kutimiza. Kama chumba chako hakitoshi watu wanne, sema ukweli, kisha mtafute pamoja nani ana nafasi.

Usalama unahitaji mambo ya vitendo. Ushauri usiuandike kwenye simu, kwa sababu simu inasomwa. Kubalianeni sentensi ya kawaida, mfano "shoga una unga wa kunikopesha?", ambayo maana yake ni kwamba uite msaada sasa. Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, dawa na akiba ndogo ya nauli vinaweza kukaa kwako bila mtu wa tatu kujua. Ugomvi ukianza, asikimbilie jikoni kwenye visu wala bafuni kusiko na njia ya kutokea. Wewe usiende kumkabili mwanaume ukiwa peke yako. Utaondoka, na rafiki yako atabaki naye usiku ule.

Kuhusu vikao vya suluhu, nasema wazi kwamba nina mashaka navyo. Wazee wakiwaketisha wawili hao pamoja, anayeogopa hawezi kusema yote mbele ya anayemwogopa, na akisema atalipia nyumbani. Kama familia inalazimisha kikao, aombe asikilizwe peke yake. Na wakumbusheni wazee kwamba kifungo cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinatamka kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake. Kenya ina Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, ambayo chini yake mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mtesaji asimkaribie.

Akiwa tayari kuripoti, msindikize. Tanzania aulizie Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ambako hutolewa fomu ya polisi ya PF3, au ofisi ya ustawi wa jamii. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyoweka daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Namba ya dharura ni 112, na 116 kwa yanayohusu watoto. Kenya, 1195 hupigwa bure, na fomu ya polisi ni P3. Kama amelazimishwa ngono afike hospitali ndani ya saa 72, kwani dawa za kinga ya VVU hazianzishwi baada ya hapo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Halafu siku moja ataondoka kweli, na marafiki wengi hudhani kazi imekwisha. Dutton na Painter waliwahoji tena wale wanawake baada ya miezi sita. Mvuto kwa mwanaume aliyewatesa ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 27, maana yake sehemu kubwa bado ilikuwepo. Kwa hiyo atakwambia amemkumbuka. Atafungua picha za harusi saa saba usiku. Usimkaripie, mwache aseme, kwa kuwa asipokwambia wewe atamwambia mwenyewe kwa simu. Katika miezi hiyo mpigie bila sababu, mrudishe kwenye kikoba na kwaya, mwite kwenye pilau, na siku mtoto anapougua au kodi inapodaiwa, fika mapema kabla hajafikiria nani mwingine wa kumwita.