Tairi la Mvua au Tairi la Maji? Istilahi za Matairi ya Mbio za Ridhaa

UTANGULIZI

Kazi ya kuunda istilahi haianzi na neno, bali huanza na kitu chenyewe. Mwundaji istilahi asiyejua kitu kinavyofanya kazi huishia kulitafsiri jina la kigeni, na mara nyingi jina hilo la kigeni lenyewe lina kasoro. Katika makala haya tunakusudia kuitazama fani moja ndogo ambayo kasoro hiyo inajitokeza waziwazi, nayo ni uchaguzi wa matairi ya gari la mbio wakati njia ina maji. Tutawazingatia hasa madereva wa ridhaa, yaani wale wanaoshindana kwa kuupenda mchezo na si kwa mshahara.

Mbio tunazozizungumzia ni mbio za mzunguko, zinazofanyika katika njia ya lami iliyofungwa, kama vile Silverstone na Brands Hatch huko Uingereza, ambako mvua yaweza kunyesha mwezi wowote wa mwaka. Zisichanganywe na mbio za masafa kama Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953, ambazo wasomaji wetu wanazifahamu zaidi. Katika mbio za masafa za huku kwetu dereva hupambana na vumbi na tope. Katika mbio za mzunguko hupambana na maji, na mara nyingine ni utando mwembamba tu wa maji usioonekana vizuri kwa macho.

Hoja yetu ni moja. Jina la tairi la namna hii litokane na hali ya njia, wala si na hali ya anga. Jina baya humpotosha dereva katika kuchagua, na dereva aliyepotoka katika kuchagua tairi hulipia kwa gari lake, na pengine kwa viungo vyake.

KIPARA NA LAINI

Tuanze na maneno tuliyo nayo. Fundi yeyote wa tairi analifahamu neno *kipara*. Tairi kipara ni tairi lililolika hata mifereji yake ikatoweka, na kila mtu anajua kuwa ni hatari. Lakini katika mbio za mzunguko liko tairi linalotoka kiwandani likiwa halina mfereji hata mmoja. Hilo ni jipya, ni la ghali, na katika lami kavu hushika kuliko tairi lolote la barabarani, kwa sababu raba yake yote hugusa ardhi. Tukiliita nalo kipara, tutakuwa tumeviweka chini ya jina moja kitu kilichokwisha na kitu kilichobuniwa makusudi. Hayo mawili yanafanana katika jambo moja tu: yote mawili hayafai penye maji.

Wengine wamelikimbia neno kipara wakasema *tairi laini*. Hapo tatizo limeongezeka. Katika Kiswahili *laini* ni kisicho na mikwaruzo, kama kioo, na pia ni kisicho kigumu, kama mkate. Tairi lisilo na mifereji ni laini kwa maana ya kwanza. Tairi lililotengenezwa kwa ajili ya maji limejaa mifereji, lakini raba yake si ngumu, kwa hiyo ni laini kwa maana ya pili. Dereva akimwagiza fundi amfungie "yale laini" wakati wingu limetanda, fundi anaweza kumfungia matairi yaliyo kinyume kabisa cha yale aliyoyataka, na wote wawili wakawa wamesema Kiswahili fasaha.

KAZI YA MIFEREJI

Sehemu ya tairi inayogusa ardhi haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Gari zima, pamoja na nguvu zote za breki na za kukata kona, hutegemea viganja vinne. Penye maji, ni lazima maji yaondolewe kwanza ndipo raba iifikie lami. Hiyo ndiyo kazi ya mifereji: kuyapokea maji na kuyatupa pembeni na nyuma. Vipande vya raba vinavyobaki kati ya mifereji, mafundi wengi wa Tanzania huviita *kashata*. Neno hili ni zuri, na hatuna sababu ya kulitafutia mbadala. Mpishi hukata kashata zake kwa kisu katika sinia, na mikato ile ndiyo mifereji.

Maji yakizidi uwezo wa mifereji, hujikusanya mbele ya tairi kama kabari, kisha huliinua. Tairi huacha kugusa lami, usukani huwa mwepesi ghafla, na breki hazina la kufanya. Hali hii tunaiita *kuelea*. Wapo waliopendekeza nomino ndefu za kuunda, lakini kitenzi-jina kinatosha: chombo kisichogusa chini kinaelea, nalo tairi ni hivyo hivyo.

Mwaka 1963 watafiti Horne na Dreher wa shirika la anga la Marekani, NASA, walitoa taarifa iliyoonyesha kuwa kasi ya kuelea hutegemea sana upepo uliomo ndani ya tairi. Kanuni yao inaweza kuelezwa hivi: chukua kipeuo cha pili cha upepo, ukiupima kwa paundi kwa inchi ya mraba, zidisha kwa 10.35, jibu ni kasi ya kuelea katika maili kwa saa. Tairi lenye upepo wa 25 litaelea kwenye maili 52 hivi, yaani kilomita 83 kwa saa. Lenye upepo wa 36 litaelea kwenye maili 62, yaani kilomita 100 kwa saa. Kanuni hii ilitokana na uchunguzi wa matairi ya ndege, na inahusu maji yenye kina kinachozidi uwezo wa mifereji. Kwa hiyo dereva asiichukue kama ruhusa ya kwenda kasi hiyo. Faida yake ni kutuonyesha kwamba upepo mdogo huleta kuelea mapema.

AINA TATU ZA TAIRI

Jina *tairi la mvua* linaelekeza macho juu, kwenye wingu. Lakini mvua inaweza kuwa inanyesha na lami bado ni kavu, kwa kuwa ndiyo kwanza imeanza. Inaweza pia kuwa imekatika nusu saa iliyopita na madimbwi bado yamejaa konani. Swali la dereva ni moja tu: maji yaliyo juu ya lami yana kina gani? Kwa jibu la swali hili matairi hugawanyika mafungu matatu.

La kwanza ni *tairi la ukavu*, lisilo na mifereji au lenye mifereji michache sana. La pili ni *tairi la unyevu*, lenye mifereji ya wastani, linalofaa lami iliyolowa bila ya maji kutuama. La tatu ni *tairi la maji*, lenye mifereji mingi na yenye kina, kwa ajili ya madimbwi na maji yanayotiririka.

Tofauti kati ya la pili na la tatu si ndogo. Kampuni ya Pirelli, inayotengeneza matairi ya mbio za Formula 1, imeeleza kwamba tairi lake la maji huweza kutupa hadi lita 85 kwa sekunde gari likiwa katika kasi ya kilomita 300 kwa saa, ambapo lile la unyevu hutupa lita 30 hivi. Dereva wa ridhaa hafiki kasi hizo, lakini uwiano unabaki kuwa funzo.

Mashindano ya Silverstone ya tarehe 6 Julai 2008 yalilithibitisha jambo hili mbele ya dunia. Lewis Hamilton aliingia kubadilisha matairi akafungiwa mapya ya unyevu, wakati mshindani wake Kimi Räikkönen aliachiwa yale yale yaliyokwisha kulika. Mvua iliongezeka, na Räikkönen akaachwa nyuma kabisa. Hamilton alishinda kwa zaidi ya sekunde 68. Maji yalipokuwa mengi zaidi, Rubens Barrichello alifungiwa matairi ya maji, akawapita wengi waliokuwa katika matairi ya unyevu, na akamaliza wa tatu. Wote hao walikuwa katika mvua ile ile moja. Lau kungalikuwa na jina *tairi la mvua* tu, tukio hilo lisingeelezeka.

RABA, JOTO NA UPEPO

Mifereji peke yake haitoshi. Maji huipoza raba, na raba iliyopoa huwa ngumu na haishiki. Ndiyo sababu tairi la maji hutengenezwa kwa raba isiyo ngumu, inayoshika hata ikiwa na joto dogo. Lakini sifa hiyo hiyo hugeuka kasoro lami inapokauka. Kashata zake ndefu hupinda na kuyumba, hupata joto kupita kiasi, kisha humeguka vipande. Katika hali hiyo dereva huonekana akiyatafuta madimbwi kwa makusudi ili ayapoze matairi yake.

Kuhusu upepo, mazoea ya lami kavu hayafai. Kwenye ukavu tairi hupata joto jingi na upepo wake hupanda, hivyo dereva huanza na upepo mdogo. Kwenye maji joto ni dogo na upepo hupanda kidogo tu. Akianza na kipimo kile kile cha ukavu, hatakifikia kiwango anachokihitaji, na kwa kanuni tuliyoitaja ataelea mapema. Kwa hiyo huanza na upepo wa juu kidogo, kisha hurekebisha kwa kupima kila arudipo.

UCHAGUZI WA DEREVA WA RIDHAA

Dereva wa ridhaa hana ghala la matairi. Aghalabu ana seti moja ya ukavu na fedha za kununua seti moja nyingine. Tunapendekeza afuate utaratibu huu.

Kwanza, asome kanuni za mashindano yake. Huko Uingereza chama cha Motorsport UK huchapisha orodha za matairi yanayoruhusiwa, na baadhi ya mashindano hukubali matairi ya barabarani tu. Si busara kununua tairi ambalo mkaguzi atalikataa.

Pili, kama anabanwa na matairi ya barabarani, asome alama za kushika kwenye maji. Matairi ya magari madogo nchini Marekani hupewa madaraja AA, A, B na C. Katika Umoja wa Ulaya lebo ilianza kutumika Novemba 2012, na tangu tarehe 1 Mei 2021 madaraja yake ni A hadi E. Akumbuke, hata hivyo, kwamba alama hizo hupima breki katika mstari ulionyooka. Hazisemi lolote juu ya kona, na mbio za mzunguko ni kona.

Tatu, atazame uzito wa gari na upana wa tairi. Gari jepesi lenye matairi mapana huelea upesi, kwa kuwa uzito mdogo umetandazwa mahali pakubwa. Ndiyo sababu wengi huichagua seti ya maji iwe nyembamba kuliko ile ya ukavu.

Nne, atazame umri. Raba hukauka na kuwa ngumu hata likiwa ghalani. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za juma na mbili za mwaka. Tarakimu 3524 maana yake ni juma la 35 la mwaka 2024. Tairi la maji lililozeeka lina mifereji ya kuvutia macho lakini halishiki.

Tano, atazame mshale. Matairi mengi ya maji yana mifereji ya pembe, na mshale ubavuni huonyesha upande wa kuzunguka. Yakifungwa kinyume, mifereji huyavuta maji katikati badala ya kuyatupa nje.

Ikiwa fedha zinatosha seti moja tu ya ziada, basi atazame njia anayoshindania mara nyingi. Pale maji yanapotuama, anunue matairi ya maji. Pale lami inapokausha upesi, matairi ya barabarani yenye alama nzuri yatamfaa zaidi, kwa kuwa hayataharibika jua likitoka.

MAPENDEKEZO

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kukopa kwingine. Katika fani hii hatukulazimika kutoka nje ya hatua ya kwanza.

Tairi la ukavu: tairi la mbio lililobuniwa kwa lami kavu.
Tairi la unyevu: tairi la lami iliyolowa pasipo maji kutuama.
Tairi la maji: tairi la lami yenye madimbwi au maji yanayotiririka.
Uso mtupu: uso wa tairi lililotengenezwa bila ya mifereji.
Kipara: hali ya tairi lililolika, neno hili libaki na maana hiyo tu.
Kashata: kipande cha raba kati ya mfereji na mfereji.
Kuelea: hali ya tairi kuinuliwa na maji lisiguse lami.
Upepo: kani ya hewa iliyomo ndani ya tairi, *kanieneo* liachiwe somo la fizikia.
Mshiko: uwezo wa tairi kuing'ang'ania njia. Twajua kwamba mitaani neno hili lina maana ya fedha, lakini muktadha unatosha kuzitenganisha maana hizo mbili.
Laini: neno hili lisitumike kwa tairi la mbio bila ya kufafanuliwa.

HITIMISHO

Istilahi tatu za msingi tulizozipendekeza zina muundo mmoja, ni rahisi kukumbukwa, na kila moja inajibu swali ambalo dereva analazimika kujiuliza kabla ya kutoka. Tunawaomba mafundi, watangazaji wa michezo na walimu wa vyuo vya ufundi wazijaribu katika kazi zao, kisha watuletee maoni yao, hasa pale watakapoona kuwa mafundi wa sehemu zao wana neno bora zaidi ambalo hatujalisikia.