Mfupa Huu ni wa Mnyama Gani?

Wako wenzetu wengi ambao wakitoka likizoni huja na vitu vizito vyenye umbo la mfupa, walivyookota makorongoni. Mmoja husema ni mfupa wa twiga, mwingine husema ni jiwe tu, na mabishano hayaishi. Mimi nasoma bayolojia katika kidato cha nne, na nimeona yafaa nieleze njia tatu za kuamua.

Kwanza, tupambanue mfupa na jiwe. Mfupa uliogeuka jiwe huitwa kisukuku. Ukitazama pale ulipovunjika, aghalabu utaona vitundu vidogo vidogo kama vya sifongo. Jiwe la kawaida halina mpango huo.

Pili, tutafute meno na viungo. Kipande cha katikati ya mfupa mrefu ni kigumu kukitambua, bali ncha zake zasema mengi. Meno yasema zaidi. Simba ana meno ya kukatia nyama kama mkasi. Ng'ombe na swala wana magego yenye alama za mwezi mchanga. Gego la tembo lina matuta yaliyopangwa mstari mmoja baada ya mwingine.

Mathalan, mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, aliokota visukuku katika Korongo la Oldupai. Yeye hakuwa mtaalamu wa mifupa. Vilipopelekwa Berlin, wataalamu waliona kuwa baadhi ni vya farasi wa kale mwenye vidole vitatu mguuni. Gego la juu la farasi huyo lina kisiwa kidogo kilichojitenga, na katika gego la punda milia kisiwa hicho kimeungana na sehemu nyingine.

Tatu, tujue mahali. Mwaka 1913 Hans Reck alikwenda Oldupai akakuta mifupa ya mtu ndani ya tabaka la kale, akadhani mtu huyo ni wa kale vilevile. Katika miaka ya 1930 ilidhihirika kwamba alizikwa humo baadaye sana, kaburi likichimbwa kutoka juu. Basi, ikiwa wataalamu walibishana miaka mingi juu ya mifupa iliyoonekana mahali pake, sisi tutasema nini juu ya mfupa uliokwisha kung'olewa? Jina la mnyama twaweza kulipata, lakini zama zake zimepotea, wala hapana darubini ya kuzirudisha.

Kwa hiyo nawasihi, ukiona kisukuku usikichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba bila kibali. Kipige picha pamoja na rula, andika jina la korongo na rangi ya udongo, kisha mwarifu mwalimu ili habari zifike makumbusho. Na wewe uliyekwisha kuokota, andika leo mahali ulipookota, kabla hujasahau.