Kutengeneza Nyumbani Mashine ya Zamani ya Michezo ya Televisheni

Walio katika vikundi vya kusikiliza wasogee karibu na redio, na mwandishi wa kikundi awe tayari na kalamu na daftari.

Leo tutazungumza juu ya mashine iitwayo Nintendo Entertainment System. Mashine hii ilitoka kwanza Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, kisha mwaka 1985 ikaanza kuuzwa Marekani katika umbo jingine. Hiyo ya Marekani ni kasha la kijivu lenye mlango mbele. Mchezo umo ndani ya kaseti ya plastiki, nayo huingizwa mlangoni na kukandamizwa chini.

Mashine hizi zina ugonjwa mmoja unaojulikana sana. Mtu akiwasha, taa nyekundu huwaka na kuzimika, huwaka na kuzimika, karibu mara moja kila sekunde, na televisheni huonyesha rangi tupu. Mwenyewe husema, "Imekufa," akaitupa, au akampa fundi fedha nyingi kwa kazi ndogo. Kumbe mara nyingi haikufa hata kidogo. Taa ikiwaka, hata kwa kupepesa, umeme unaingia. Basi ugonjwa tuutafute mahali pengine.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mashine kuna chipu moja ya ulinzi, na ndani ya kaseti kuna mwenzake. Mashine inapowashwa, chipu hizi mbili huulizana na kujibizana, kama askari wa zamu anavyomwuliza mtu neno la siri. Jibu likikosekana, chipu ya mashine huianzisha mashine upya, tena na tena. Ndipo taa hupepesa. Na jibu hukosekana kwa sababu njia yake ni chafu. Kaseti huungana na mashine kwa kiunganishi chenye pini 72. Pini hizo zikichakaa, zikilegea au zikishika uchafu, maneno ya chipu hayafiki.

Sasa tuanze kazi, hatua kwa hatua.

Kwanza, ng'oeni plagi ukutani. Msifungue chombo chochote cha umeme kikiwa kimeunganishwa. Fundi hodari ni yule anayerudi nyumbani salama.

Pili, safisheni kaseti, maana ndiyo kazi rahisi. Chukueni kijiti chenye pamba, kichovyeni katika spiriti safi ya dawa, isiyotiwa rangi wala mafuta, msugue taratibu meno ya shaba yaliyo mdomoni mwa kaseti. Pamba ikitoka nyeusi, chukueni nyingine, mpaka itoke safi. Acheni ikauke kabisa, ndipo mjaribu.

Hapa pana desturi ya kuonywa. Watu wengi hupuliza kaseti kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na unyevu huleta kutu. Watengenezaji wenyewe waliwakataza watu kufanya hivyo. Mtu akipuliza, kisha mchezo ukaonekana, hudhani pumzi ndiyo dawa. Ukweli ni kwamba amechomoa kaseti na kuirudisha, pini zikapata mahali papya pa kugusana.

Tatu, kama kaseti kadhaa safi zote zinakataa, fungueni mashine. Igeuzeni, chini yake kuna skurubu 6 za bisibisi ya nyota. Ondoeni kifuniko, kisha bati la kinga, kisha kitanda cha kaseti. Kila skurubu iwekeni katika kisahani chake na kuandika ilikotoka, kwa kuwa hazilingani urefu. Vuteni kiunganishi polepole kutoka ukingoni mwa bodi. Wengine hukichemsha katika maji safi kwa dakika kama 5, kisha hukikausha kabisa kabla ya kukirudisha. Safisheni pia ukingo wa bodi kwa spiriti. Msizipinde pini kwa nguvu. Pini ikivunjika hairudi. Viunganishi vipya huuzwa, ila vingine hubana kaseti mno.

Nne, kama taa haiwaki kabisa, tazameni adapta. Adapta ya Marekani ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120, na ya Japani kwa volti 100. Kuichomeka moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230 au 240 ni kuiunguza, na pengine kuwasha moto nyumbani. Tena, adapta ya mashine ya Marekani hutoa volti 9 za umeme wa kwenda na kurudi, lakini Famicom ya Japani hutaka umeme wa upande mmoja. Msibadilishane adapta hizo, Famicom itaharibika. Someni maandishi ya adapta kabla ya kuichomeka.

Ndugu wasikilizaji, faida ya somo hili haiishi katika mchezo wa watoto. Mwenye redio iliyonyamaza au pasi isiyopata moto aweza kufuata njia ile ile: auliza kwanza umeme umefika wapi, aanze na jambo rahisi, na asilaumu kiungo asichokipima. Asiyeuliza sababu hulipia ujinga wake kila mwezi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Taa inayopepesa inatuambia nini ambacho taa iliyozimika haituambii?

2. Kwa nini kupuliza kaseti huonekana kama kunasaidia?

3. Katika nyumba zenu, ni chombo gani kilichotupwa ambacho pengine kilihitaji kusafishwa tu?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.