Nyumba haijengwi kwa posho peke yake



Ndugu msomaji, zipo ndoa zinazovunjika ilhali nyumbani hakuna aliyelala na njaa. Mume huacha posho kila asubuhi, kodi imelipwa, na watoto wana sare za shule. Hata hivyo, mke hana raha, naye mume hurejea usiku wa manane akikimbia manung'uniko. Wazee wakiitwa, humuuliza mke: "Umekosa nini?" Naye hunyamaza, kwani alichokikosa hakipimwi kwa kilo. Huhesabiwa kuwa hana shukrani, na shauri likafungwa.

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ametaja utulivu, mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni katika ishara Zake. Posho ni wajibu usio na mjadala, lakini haiwezi kushika nafasi ya mambo hayo matatu.

Imamu Bukhari amepokea kisa chenye mafunzo makubwa. Mtume (SAW) aliunganisha udugu baina ya Salman na Abu Dardaa (RA). Siku moja Salman alimtembelea nduguye, akamkuta Ummu Dardaa amejiacha bila kujipamba. Alipomuuliza sababu, alijibiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Mama yule hakusema waziwazi kuwa ni mpweke. Salman ndiye aliyeyafahamu yaliyokuwa nyuma ya maneno hayo.

Hakumkemea mama, wala hakumshitaki mume mbele za watu. Abu Dardaa alipoandaa chakula na kusema kuwa yeye amefunga, Salman alikataa kula mpaka wale pamoja. Usiku, kila Abu Dardaa alipotaka kuamka kuswali, alimwambia alale. Mwisho wa usiku wakaamka wote wawili wakaswali. Ndipo alipomkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipomfikia Mtume (SAW), alisema kuwa Salman amesema kweli.

Huo ndio ushauri nasaha. Mshauri huona dalili, huuliza, husikiliza mpaka mwisho, kisha hutafuta haja iliyojificha chini ya lawama. Msuluhishi huuliza nani mwenye makosa. Mshauri huuliza nani amekosa nini, na tangu lini.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida hutaka mgogoro upitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka mahakamani. Surat An-Nisaa, aya ya 35, nayo imeelekeza mwamuzi mmoja atoke kwa jamaa wa mume na mwingine kwa jamaa wa mke. Tatizo ni kwamba wengi hufika huko moto umekwisha kushika paa.

Tuanze mapema. Anayesema "hunijali" amerusha jiwe, na mwenzake atajikinga. Lakini akisema, "Nikizungumza nawe huku unatazama simu, najiona mpweke, naomba tukae nusu saa baada ya Isha," ametaja haja inayoweza kutimizwa. Mwenzake asimkatize, kwanza arejee kwa maneno yake aliyoyasikia, kisha ndipo ajibu. Wakishindwa, wamwendee mtu mwenye elimu, mwadilifu na mtunza siri.

Tahadhari moja: penye kipigo, jambo la kwanza ni usalama wa anayepigwa, wala asiambiwe avumilie. Na mwenye huzuni isiyoondoka, asiyelala wala kula, apelekwe hospitali, kwani kutafuta tiba hakupingani na dua.

Ndugu msomaji, ukirejea kutoka msikitini leo, muulize mwenzako moyo wake ukoje, kisha unyamaze umsikilize. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.