Embe Lililoanguka Ndilo Linaloharibu Yaliyobaki Mtini

Kiangazi cha mwaka huu kimeikuta miembe ya Mkuranga ikiwa imezaa vyema. Katika kaya nyingi, kuanzia Vikindu hadi Kimanzichana, matawi yameinama kwa dodo, na kandokando ya Barabara ya Kilwa ndoo na matenga ya maembe yamepangwa yakisubiri wanunuzi. Hata hivyo, chini ya miembe hiyohiyo hali ni tofauti. Maembe yanaanguka kabla ya wakati wake yakiwa na kidoa cheusi kidogo ubavuni, na ukiyapasua unakuta nyama imelainika na funza weupe wanatembea ndani yake.

Kwa mwananchi mwenye miembe miwili au mitatu uani, hasara hii si ndogo. Maembe ya pwani huvunwa kati ya Novemba na Februari, na shule hufunguliwa Januari. Katika kaya nyingi, fedha ya maembe ndiyo inayonunua sare, viatu na madaftari. Mnunuzi anayetoka Dar es Salaam hupasua maembe mawili matatu kabla ya kutaja bei. Akikuta funza katika moja tu, bei ya tenga zima hushuka, au hugeuza gari na kwenda kwingine.

"Mwaka juzi niliuza mti mzima, mwanangu," bibi mmoja alimweleza mwandishi wa makala haya alipomtembelea nyumbani kwake. "Mwaka huu nimebaki na ufagio." Kila alfajiri bibi huyo hufagia maembe yaliyoanguka usiku na kuyasogeza hadi kwenye shimo la taka pembezoni mwa ua. Uwanja wake ni safi kuliko mingi ya jirani zake. Lakini shimo lile lilikuwa wazi, na hapo ndipo lilipokuwa chimbuko la tatizo.

Mdudu huyu ni nani?

Anayeharibu maembe haya ni inzi wa matunda. Wapo inzi wa matunda wa asili ya Afrika ambao wakulima wetu wamewafahamu kwa muda mrefu, lakini aliyeongeza hasara kwa kiasi kikubwa ni mgeni kutoka bara la Asia. Aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, akaenea kwa haraka katika nchi nyingi za bara hili. Wataalamu humwita Bactrocera dorsalis. Ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa kawaida wa nyumbani, ana umbo linalofanana na la nyigu, na tumbo lake la kahawia lina mstari mweusi mfano wa herufi T.

Jike hutoboa ganda la tunda linaloelekea kuiva na kutaga mayai chini yake. Katika maisha yake anaweza kutaga mamia ya mayai. Baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa, na funza huanza kula nyama ya tunda kutoka ndani. Tunda hulainika na kuanguka. Funza aliyekomaa hutoka ndani ya tunda, huruka mwendo mfupi na kujichimbia katika tabaka la juu la udongo. Huko hujifunga ndani ya gamba dogo la kahawia lenye ukubwa unaokaribia punje ya mchele, na baada ya siku zipatazo kumi hutoka akiwa inzi kamili.

Kwa joto la pwani, safari yote kutoka yai hadi inzi huchukua takriban wiki tatu hadi nne. Hesabu hii ndiyo kiini cha makala haya. Embe lenye funza lililoanguka mwanzoni mwa Desemba likaachwa chini, hutoa inzi wapya mwishoni mwa mwezi huohuo. Inzi hao ndio wanaoyashambulia maembe tunayotarajia kuyauza Januari. Hii ndiyo sababu maembe ya mwanzo wa msimu huwa na funza wachache, na ya mwisho wa msimu huharibika zaidi. Inzi wa Januari wamelelewa uani mwetu wenyewe.

Kufagia pekee hakutoshi

Kukusanya matunda yaliyoanguka ni hatua ya kwanza na ya lazima. Lakini matunda yakikusanywa na kurundikwa shimoni bila kufukiwa, funza huendelea kukua kana kwamba hayajaguswa. Vilevile yasitupwe kwenye lundo la mboji, kwenye mtaro wala kwenye uwanja wa jirani. Maafisa kilimo wanashauri mambo yafuatayo:

Kwanza, matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku, hasa asubuhi, kabla funza hawajapata nafasi ya kuingia ardhini. Yachumwe pia yale yaliyo mtini ambayo tayari yameoza au yana dalili za kutobolewa.

Pili, yafukiwe katika shimo refu. Udongo unaofunika matunda uwe na unene usiopungua nusu mita, yaani kadiri ya mkono mmoja kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Shimo lenyewe, basi, lazima liwe na kina zaidi ya hapo. Udongo wa Mkuranga kwa sehemu kubwa ni wa kichanga na huchimbika kwa urahisi, lakini pia hupitisha wadudu kwa urahisi. Ukishajaza, ushindilie.

Tatu, asiye na nafasi ya kuchimba anaweza kutumia mfuko wa nailoni usiotoboka, kama ule wa ndani ya kiroba cha mbolea. Matunda yatiwe humo, mdomo ufungwe kwa nguvu, na mfuko uachwe juani kwa wiki moja au zaidi. Joto la ndani huwaua funza.

Nne, mwenye ng'ombe au mbuzi anaweza kuwalisha matunda hayo, mradi yaliwe siku hiyohiyo na yasibaki chini. Kuku wanaopekua chini ya mwembe nao husaidia, kwa kuwa hula funza na magamba yao.

Tano, maembe yachumwe yakiwa yamekomaa lakini hayajaanza kulainika. Kadiri embe linavyokaa mtini likiiva ndivyo linavyomvutia inzi. Kwa miti mifupi, kila tunda linaweza kuvalishwa mfuko wa karatasi mapema, kabla halijaanza kuiva.

Kuhusu mitego na dawa

Wananchi wengi huuliza kuhusu mitego inayotengenezwa kwa chupa na kutiwa chambo cha harufu kiitwacho methili yujenoli. Mitego hiyo inafaa, lakini ni vyema ifahamike kwamba chambo hicho huvuta madume tu. Jike ambaye ameshapandwa huendelea kutaga hata mtego ukijaa. Mtego mmoja katika ua mmoja husaidia kujua kama inzi wapo na kama wanaongezeka. Hupunguza uzazi wao pale tu kaya nyingi za eneo moja zinapoitumia kwa pamoja. Kipo pia chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu, ambacho hupuliziwa sehemu ndogo tu ya majani ya mti. Hiki huwavuta majike pia, kwa kuwa huhitaji protini ili watage.

Kupulizia dawa juu ya maembe yanayokaribia kuiva si jambo la kushauriwa. Funza aliye ndani ya tunda hafikiwi na dawa iliyo juu ya ganda, lakini mtoto atakayelichuma na kulila hapo hapo mtini atafikiwa nayo. Anayelazimika kutumia kiuatilifu anunue kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), asome lebo, na aheshimu idadi ya siku zilizotajwa kati ya kupulizia na kuvuna.

Msaidizi mwingine yuko mtini tayari, naye ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wengi wetu huwachoma moto au kuwapulizia dawa kwa sababu wanauma. Ukweli ni kwamba maji moto huwawinda wadudu waharibifu, na harufu wanayoiacha juu ya matunda huwafukuza inzi majike wasitage. Mti wenye viota vingi vya maji moto kwa kawaida huwa na funza wachache. Wachumaji wazoefu hujipaka majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda. Kuumwa mara mbili tatu ni gharama ndogo ukilinganisha na kupoteza tenga zima.

Inzi hajui mpaka wa ua

Miti mingine ya nyumbani pia humlea inzi huyu. Mapera, mastafeli na mikungu tunayoipenda kwa kivuli chake nyumbani na shuleni hushambuliwa, na matunda yake yakiachwa chini huwa kitalu cha inzi hata kabla maembe hayajaiva. Mananasi, ambayo wilaya yetu inajulikana kwayo, hayamo katika orodha ya matunda yanayomlea, na ndimu humlea kwa shida.

Kwa kuwa inzi huruka kutoka ua mmoja hadi mwingine, juhudi za kaya moja peke yake hazifiki mbali. Aliyefukia matunda yake akapakana na asiyefukia, hupokea inzi wa jirani. Kwa sababu hiyo, wananchi wanahimizwa kulifikisha suala hili katika mikutano ya vitongoji na vijiji, kupanga siku za kukusanya matunda kwa pamoja, na kuchimba mashimo ya pamoja pale ambapo nyumba zimekaribiana. Wakuu wa shule zenye miembe na mikungu wanaombwa kufanya hivyo pia, hasa wakati wa likizo, kwani matunda huanguka shuleni bila mtu wa kuyaokota.

Mwenye kuhitaji ushauri amwone afisa kilimo wa kijiji au wa kata yake. Huduma ya ugani ya serikali hutolewa bila malipo. Ni vizuri kubeba embe moja au mawili yenye dalili, yakiwa yamefungwa vyema, ili afisa ayapasue na kuthibitisha kama ni inzi wa matunda au ni ugonjwa wa chule, ambao nao huacha madoa meusi lakini hauna funza na tiba yake ni tofauti.

Bibi tuliyemtembelea alisaidiwa na wajukuu zake kuchimba shimo jipya siku ileile. Maembe ya juu ya mwembe wake bado ni mabichi, na kwa hesabu ya wiki tatu hadi nne, hayo bado yanaweza kuokolewa. Ndivyo ilivyo kwa kaya nyingi za wilaya yetu wakati huu, mradi kazi ianze kesho asubuhi.